Mchanganyiko wa Dada Beatha

4 Machi
Daftari hili nimepewa na bwana shamba Amiri. Amegawa kwa wakulima wa nyanya wote wa kitongoji chetu, tuandike mvua ilivyonyesha, dawa tuliyopulizia na kipimo chake. Wenzangu wengine wameshawapa watoto wachoree. Mimi nitaandika, tena nitaandika zaidi ya aliyoomba, maana mtu kama mimi akifa bila kuacha maandishi ni hasara kwa Usambara nzima.

Naitwa Fanueli. Umri wangu miaka hamsini na mbili. Shule niliishia darasa la sita, si kwa ujinga. Mwalimu wa hesabu aliona namzidi, akaniandama mpaka nikamwachia darasa lake. Kwa pampu ya mgongoni hakuna wa kunigusa kuanzia hapa mpaka Rangwi. Mwaka wa ile mvua kubwa nilipulizia nyanya huku radi inapiga kushoto na kulia, na radi yenyewe ilipoona sikimbii ikahamia mlima wa pili. Ndiyo maana wananiita Mghanga wa Pampu, yaani mganga kwa Kisambaa chetu. Waganga wengine wanatibu watu, mimi natibu shamba.

Siri yangu ni mchanganyiko. Wengine wanapulizia dawa ya ukungu leo, ya wadudu kesho, ya kukuza keshokutwa. Mimi natia zote tatu kwenye pampu moja, kizibo kwa kizibo, napima kwa macho, nakoroga na kijiti, kazi inaisha siku moja. Amiri anasema si vizuri. Amiri ana cheti, mimi nina nyanya.

6 Machi
Mvua kutwa. Hatukupulizia.

9 Machi
Leo nimemsindikiza dada Beatha zahanati, ni siku yake ya kupima presha. Dada Beatha ndiye aliyenilea, mama alikufa nikiwa bado nabebwa. Sasa ni mjane, ana miaka sitini. Tunalima mteremko mmoja, nyanya zangu juu, kabichi zake chini, na nyumba zetu zinatazamana. Mpaka leo anajitwisha tenga la nyanya kichwani kutoka shambani hadi barabarani linaposimama lori la Fuso, na wasichana wa siku hizi wanabaki nyuma wanahema.

Nesi Mwanahamisi akampima. "Mia na thelathini kwa themanini. Vizuri sana, mama. Endelea hivyo hivyo na vidonge vyako, kimoja kila asubuhi."

Nikamwuliza, "Kama ugonjwa umeisha, anaendelea kumeza cha nini?"

"Haujaisha, baba. Umetulia kwa sababu ya dawa. Akiacha, unarudi."

"Sisi kwenye nyanya ukungu ukishaondoka tunaacha kupulizia."

"Mama si nyanya, baba."

Kina mama waliokuwa kwenye benchi wakacheka. Sikupenda. Mtoto wa juzi, hata kidole cha mwisho hakijakomaa, ananicheka mbele ya watu.

Njiani nikamweleza dada. Hata Amiri anatufundisha kuacha kupulizia wiki mbili kabla ya kuvuna, ili sumu itoke kwenye tunda. Na mwili hivyo hivyo, upumzishwe. Dada akasema, "Wewe Fanueli hayo umeyasoma wapi?" Nikamwambia mimi sisomi vitu, vitu vinanisoma mimi. Akacheka mpaka akashika ukingo wa njia. Jioni nimemwona anavifungia vidonge kwenye kopo la majani ya chai, akaliweka juu ya rafu. Nimefurahi. Ananisikiliza.

12 Machi
Mvua. Dada ameteleza na tenga pale kwenye ngazi za udongo. Nyanya zimeviringika hadi mtoni. Yeye hakuvunjika, ila mgongo umekaza, hawezi kuinama.

13 Machi
Nimekwenda duka la dawa la Zakia, pale sokoni. Nikamwambia nataka diklofenaki, zile za mgongo. Huyu naye ana maswali kama mzee wa kanisa anayekukagua kabla ya kipaimara.

"Nani anaumwa?"

"Mimi."

"Una presha?"

"Presha inaniogopa."

"Vidonda vya tumbo? Figo?"

"Zakia, mimi nimekuja kununua dawa au kuchumbia?"

Akacheka, lakini akahesabu vidonge vya siku tatu tu. Akaandika kwenye bahasha, kimoja asubuhi, kimoja jioni, baada ya chakula. Akasema hii si dawa ya watu wa presha wala figo, na siku tatu zikipita maumivu yapo, niende zahanati nisirudi kwake. Nimeyaandika hapa jinsi alivyoyasema ili ionekane nilivyo na kumbukumbu.

14 Machi
Dada ameinama. Ameng'oa magugu mistari minne. Nilimwambia, "Umeona mkono wangu?" Akasema, "Nimeuona, mghanga."

17 Machi
Vidonge vimeisha. Mgongo umerudi. Mvua.

19 Machi
Nimeshuka Mombo na Fuso la kabichi. Siku nzima kule chini kwenye joto, lakini nimerudi na ushindi. Pale barabara kuu, mabasi ya Moshi yanaposimama, kuna jamaa ana meza na spika. "Mgongo! Kiuno! Magoti! Ganzi! Leo unaumwa, kesho unacheza ngoma!" Haulizi presha, haulizi umri, haulizi mama yako aliolewa wapi. Huyo ndiye mfanyabiashara.

Nikamwambia mimi ni mtaalamu wa dawa kutoka Lushoto. Akaniheshimu palepale. Akanionyesha aina tatu, nyeupe, za rangi ya chungwa na za waridi. Nikaona akili yangu inafunguka kama mlango. Nyeupe ni ya kuua maumivu. Ya chungwa ni ya kuondoa uvimbe. Ya waridi ni ya kujenga. Ukungu, wadudu, kukuza. Kwa nini mtu apuliziwe moja moja? Nimechukua boksi za kila aina. Ndani kuna karatasi ndefu ya Kiingereza imekunjwa mara nane. Nimeisoma kwa jumla.

20 Machi
Nimeanza mchanganyiko. Nyeupe moja, chungwa moja, waridi moja, asubuhi na jioni.

21 Machi
Mvua. Dada mzima.

22 Machi
Mvua. Dada mzima. Amebeba matenga mawili.

24 Machi
Kanisani dada amesimama nyimbo zote. Hakukaa hata ubeti mmoja.

28 Machi
Ukungu umeingia nyanya za jirani. Zangu safi.

31 Machi, Pasaka
Siku ya sifa kwangu. Baada ya ibada tumekula kwa dada, pilau na kuku, na Loveness amekuja. Loveness ni mwanawe, mwalimu wa shule ya msingi kule Lushoto mjini, huja siku za sikukuu na mwisho wa mwezi. Jirani yetu Mzee Sefania naye alikuwepo na mkewe Esta. Sefania anaimba besi kwaya, na goti lake linalia kuliko yeye.

"Beatha," akasema Sefania, "umekula nini? Juzi nimekuona unapanda kama mbuzi."

Dada akanionyesha kwa kidole. "Muulize huyu. Amenipulizia."

Watu wakacheka, na mimi nikaeleza. Nimeeleza vizuri kuliko daktari. Nikasimulia nilivyowahi kumtibu ng'ombe wa mzungu aliyelala siku tisa, akaamka akavunja zizi. Kabla sahani hazijaondolewa watu wameshaniomba. Nimempa Sefania, nimempa Esta kwa mgongo wake, nimewapa wabeba mizigo wawili wa Fuso, na wengine. Nyumba kumi na moja zimepata. Sikutaka kitu, nimetoa kwa moyo.

Loveness alikuwa anaosha vyombo. Akaniita nje.

"Mjomba, mama anameza vidonge vya presha?"

"Mama yako amepona presha."

"Nani kasema?"

"Kipimo kimesema. Mia na thelathini kwa themanini. Unataka nikuandikie ubaoni?"

"Hicho ni kipimo cha mtu anayemeza dawa, mjomba. Na hivi vya rangi rangi ni vya nini? Umesoma karatasi yake?"

"Mwalimu, wewe fundisha watoto kusoma. Wakubwa tunajua."

Akamwendea mama yake. Nimemsikia dada anamjibu, "Mwache mjomba wako. Tangu lini nimelala usingizi kama huu?"

Huyu mtoto amekuwa mdomo tu tangu apate ajira.

3 Aprili
Mvua. Nimepulizia kati ya saa nne na saa sita.

6 Aprili
Dada amependeza. Uso umejaa, mashavu yamejaa, asubuhi akiamka anang'aa kama amepakwa mafuta. Nimemwambia, ile ya waridi inafanya kazi.

9 Aprili
Dada amelalamika kichwa. Nimeongeza nyeupe moja mchana.

12 Aprili
Mvua kubwa. Mto umechukua daraja dogo la miti.

Dada ametapika asubuhi, dakika chache baada ya kumeza. Hapo ndipo mtu wa kawaida angebabaika. Mimi najua kanuni. Ukipulizia, mvua ikanyesha kabla dawa haijakauka kwenye jani, imeoshwa, unarudia palepale. Nimemrudishia zote tatu. Akazitapika tena, nikazirudisha tena, zikakaa.

13 Aprili
Ametapika. Nimerudia.

14 Aprili
Ametapika. Nimerudia. Hakwenda kanisani.

16 Aprili
Viatu vyake vya plastiki havimwingii. Anajikuna mwili mzima kama mtu aliyelalia upupu. Nilibonyeza mguu wake kwa dole gumba, nikaondoa, na shimo likabaki. Limebaki muda mrefu. Nilikaa naliangalia mpaka likajaa.

Nilimwambia ni unyevu wa masika. Akasema, "Haya." Hakucheka. Siku tatu hizi hajacheka kwa neno langu lolote.

Sikuandika hili jana lakini nitaliandika. Jana sikumpa ya jioni. Nilimwambia zimeisha. Hazijaisha.

17 Aprili
Esta alikwenda kumwona, wakazungumza wawili. Baadaye Esta akampigia simu Loveness. Kuna mambo dada hawezi kumwambia kaka yake. Nimeyajua leo. Kwa siku nne karibu hapati mkojo, na kidogo anachopata kina povu na rangi ya chai kali.

Loveness amefika saa saba mchana na bodaboda, matope mpaka kiunoni. Kanisalimia "shikamoo mjomba" bila kunitazama. Tumembeba dada hadi zahanati kwenye kiti. Nesi Mwanahamisi alipima presha mara mbili, mkono wa kulia na wa kushoto. Hakusema namba kwa sauti. Aliiandika, akamwonyesha Loveness, akauliza, "Mama, vidonge vyako umeacha lini?"

Dada akasema, "Mwezi uliopita. Nilipumzisha mwili."

Nilitegemea nesi anicheke kama siku ile. Hakucheka. Alinyanyua simu akaita gari la wagonjwa.

18 Aprili
Hospitali ya wilaya. Nitaandika yote, ingawa natamani daftari hili lingeloa.

Daktari anaitwa Anord, kijana mpole, miwani. Amechukua damu. Majibu yalipotoka akatuita mimi na Loveness kwenye chumba kidogo. Akasema figo za mama karibu zimesimama kabisa. Maji yanayotakiwa kutoka yanabaki mwilini, ndiyo yale ya usoni na miguuni. Uchafu wa damu hautoki, ndiyo kutapika na kujikuna. Halafu akauliza, "Amekuwa anatumia dawa gani nyumbani? Ngapi kwa siku, na tangu lini?"

Loveness akasema, "Mjomba anaandika kila kitu. Soma, mjomba."

Daftari lilikuwa ndani ya koti. Nilisema nimesahau miwani. Sivai miwani. Loveness anajua sivai miwani.

Nikasoma. Nilisoma kuanzia pale kwa Zakia. "Una presha? Presha inaniogopa." Daktari alikuwa anaandika na hakuinua kichwa. Nikasoma meza ya Mombo. Nikasoma ukungu, wadudu, kukuza. Nilipofika Pasaka, kwenye ng'ombe wa mzungu, nikataka kuruka, Daktari akasema taratibu, "Endelea tu, mzee, nahitaji tarehe." Nikasoma ule mstari wa uso kujaa, kwamba dada amependeza. Nikasoma "ametapika, nimerudia." Nikasoma mara tatu kwa sababu imeandikwa mara tatu. Loveness alikuwa ameweka kiganja mdomoni.

Daktari akaomba niweke mezani mabaki ya vidonge. Akavigeuza, akasoma maandishi madogo ya nyuma.

"Mzee, unajua hivi ni nini?"

"Nyeupe ya maumivu, chungwa ya uvimbe, waridi ya kujenga."

"Hivi vyote ni vya maumivu. Ni ndugu watatu, baba mmoja. Hukumpa dawa tatu. Umempa dawa moja mara tatu, asubuhi, halafu mara tatu tena jioni. Dawa hizi zinabana damu inayokwenda kwenye figo. Mtu mzima mwenye figo nzuri, akinywa siku mbili tatu kwa kipimo, anaweza kuvuka. Mama presha ilikuwa imeshazichosha figo zake kidogo kidogo, ndiyo maana alikuwa anakwenda kliniki. Tena akaacha dawa ya presha. Na alipokuwa anatapika, mwili ulikuwa unaomba msaada, nyinyi mkaongeza."

Alisema "nyinyi". Alikuwa ananisitiri. Nilikuwa mmoja.

Nikamwuliza kama kuna sindano. Akasema hakuna sindano. Kuna mashine ya kusafisha damu, iko Tanga. Huenda figo zikaamka, huenda zisiamke. Tumwondoe leo. Kisha nesi akaingia akasema barabara ya Soni kushuka Mombo imekatika, mlima umeshuka juu ya lami.

19 Aprili
Barabara haijafunguliwa. Dada anahema kama mtu anayepanda mlima, na amelala.

20 Aprili
Haijafunguliwa.

21 Aprili
Mpango umepatikana. Gari la huku litatushusha mpaka kwenye udongo, gari jingine litapanda kutoka Mombo lisimame upande wa pili. Katikati tumbebe.

Tulikuwa wanaume sita kwenye machela. Miaka yote nimesimulia nilivyobeba gunia mbili za viazi kutoka bondeni, mbuzi juu yake, napiga mluzi. Watu waliokwama pale, madereva na abiria, wote wanasimama wanatazama. Nilikwenda hatua kama ishirini kwenye tope, nikashindwa. Nilisema, "Nipokeeni." Mpiga debe mmoja nisiyemjua akashika nafasi yangu. Nilitembea nyuma nimeshika kandambili za dada.

Kule upande wa pili, walipokuwa wanamwingiza garini, aliita jina langu. Nikasogea. Akasema tu, "Umelowa. Utaumwa."

24 Aprili
Tanga. Amewekwa kwenye mashine mara ya kwanza, kwa muda wa saa nne. Damu inatoka kwenye mpira mmoja, inarudi kwenye mwingine. Sikuweza kuangalia ile mipira.

27 Aprili
Mashine mara ya pili. Uvimbe wa uso umepungua. Ameomba uji. Loveness amecheka kidogo na nesi. Mimi sikuthubutu.

30 Aprili
Leo dada alikuwa na akili zake zote. Loveness alikwenda kuoga, tukabaki wawili. Nilikuwa nimepanga maneno tangu Lushoto. Yeye akaanza.

"Fanueli. Ulijua?"

"Sikujua, dada."

Mgonjwa wa kitanda cha jirani alikuwa anamenya chungwa.

"Ulisema unajua."

Angenitukana ningepata pa kushika. Nilimwambia, "Dada, nilikuwa najisemea tu. Nilitaka mgongo upone, nilitaka uniite mghanga." Akafumba macho. Akasema, "Tangu utoto wako nilikuwa najua lipi ni la kweli na lipi la kuchekesha. Hili sikulijua." Kisha akaniambia nimgeuze ubavu, unamwuma. Nikamgeuza. Mwili wake umekuwa mwepesi na mzito kwa pamoja, sijui niandikeje.

Nimetambua jambo. Zakia aliniambia. Nesi Mwanahamisi aliniambia. Loveness aliniambia. Hata Amiri, kwa habari za nyanya, aliniambia. Wote vijana, wote niliwaona wadogo. Yote nimeyaandika kwa mkono wangu, kwa mwandiko mzuri, nikayapita.

3 Mei
Homa. Kifua kimejaa maji. Mashine imeshindikana leo, presha imeanguka akiwa ameunganishwa.

4 Mei
Mvua hata Tanga.

6 Mei
Dada Beatha amefariki leo saa nne asubuhi.

9 Mei
Tumemzika chini ya shamba lake la kabichi, pembeni ya mumewe. Ukungu ulikuwa mzito, waliosimama upande wa pili wa kaburi sikuwaona nyuso. Nyanya zangu zote zimeungua. Hakuna aliyepulizia tangu tuondoke. Sijali.

Loveness amenipa mkono kama wanavyopeana mkono watu wa msibani. Hajaniita mjomba.

12 Mei, Jumapili
Baada ya matangazo niliomba kusema neno. Mchungaji akaniruhusu, alidhani ni shukrani za wafiwa. Nikasimama mbele. Nikasema, "Ndugu zangu, dada yangu hakufa kwa kudra tu. Nilimwachisha dawa ya presha, nikampa vidonge nilivyonunua Mombo, aina tatu ambazo ni moja, nikaziua figo zake. Na vidonge hivyo nimevigawa kwenye nyumba kumi na moja. Naomba mnirudishie."

Mama mmoja akaanza kulia, na mzee wa kanisa akaja akanishika bega. "Kaa, Fanueli. Uchungu huo. Kila mfiwa anajilaumu." Nikamwambia si uchungu, ni majibu ya maabara. Nyuma nikasikia sauti ya mwanamume anamnong'oneza mwenzake, "Huyu hata kwenye msiba lazima hadithi iwe yake." Wakacheka kwa pua. Siwalaumu. Kwa miaka thelathini nimewafundisha wanicheke.

13 Mei
Nimeanza kuzunguka nyumba kwa nyumba. Nyumba tatu za kwanza. Mmoja amenirudishia, alikuwa hajafungua. Wawili wamesema vimeisha. Kwa mmoja nimeviona dirishani.

14 Mei
Nesi Mwanahamisi amekubali kuja nami, akapime watu presha huko huko majumbani. Nilimwamkia mimi kwanza. Aliona haya. Wabeba mizigo wa Fuso wamekataa kupimwa. "Bila vidonge tenga halipandi, mghanga. Utatubebea wewe?"

15 Mei
Mvua imepungua. Leo kwa Mzee Sefania. Nesi ana watoto wa kliniki, nimekwenda peke yangu.

Alikuwa barazani, goti amelifunga kitambaa, anakunywa chai. Nikaeleza tena yote, polepole, kama daktari Anord alivyonieleza. Ndugu watatu, baba mmoja. Damu ya figo. Kwamba maumivu kuondoka si kupona. Nilimwomba kwa jina la Beatha.

"Fanueli," akasema, "ulituambia ulimkaba chui kwa mpira wa pampu."

"Nilidanganya."

"Ukatuambia mkuu wa mkoa alikuja kujifunza kwako kupulizia."

"Nilidanganya, mzee."

"Sasa leo nitajuaje?"

Nikafungua daftari nimsomee. Akainua kiganja. "Hata hilo umeliandika wewe." Akachomoa vidonge viwili mfukoni, cheupe na cha waridi, akavitia mdomoni mbele yangu, akasukumia na chai. Akafungua mdomo kama mtoto anayeonyesha amemeza. "Haya. Beatha alikuwa na presha yake, Mungu amrehemu. Mimi nina goti." Akasema nikija tena na habari hizo hatanikaribisha.

Nilisimama kuondoka. Mkewe Esta akanisindikiza mpaka mwisho wa ua. Esta ndiye aliyempigia Loveness simu siku ile, ndiye aliyemwosha dada mwili. Nikaona anageuka kutazama kama mumewe anasikia, kisha akanishika mkono. Moyo wangu ukafurahi, nikajua huyu ameelewa.

Akaniuliza kwa sauti ya chini kama nimebakiza vya waridi, maana vyake vimebaki vinne tu, na kesho kuna kabichi za kubeba.